Mwanga wa Chumba cha Nyuma

Kaka yangu alirudi nyumbani Mbotela, Nairobi, mwezi wa tano, mvua ya masika ikiwa bado inanyesha. Aliletwa na wachongaji wenzake wawili, mmoja akiwa amembebea begi la nguo na mwingine gunia la vifaa vyake vya kazi. Walimkalisha kwenye kiti, wakasimama mlangoni, wakakataa chai niliyokuwa nimeanza kuinjika. Walisema wana haraka. Tangu siku hiyo sikuwaona tena.

Kwa miaka mingi kaka alikuwa akikaa chini ya kibanda cha mabati kule upande wa Gikomba, akichonga twiga na swala wa kuuziwa watalii. Alikuwa mtu wa mabega mapana, mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Aliyekaa kwenye kiti siku ile alikuwa na shingo nyembamba kuliko yangu. Shati lilimning'inia, na kila baada ya maneno machache alikuwa akinyamaza ili apate pumzi.

"Ni vumbi la mbao," aliniambia. "Nikipumzika kidogo kifua kitatulia."

Nikamwitikia kwamba ndiyo, ni vumbi.

Nyumba ilikuwa ya kupanga ya kaunsili ya jiji, vyumba viwili na jikoni, na ilikuwa bado kwa jina la baba. Baba alikuwa dereva wa lori. Alipoacha kazi alirudi Ukambani na mama, nami nikabaki humo peke yangu, nikifanya kazi katika kiwanda cha biskuti upande wa pili wa Jogoo Road. Nilimpa kaka chumba cha nyuma kwa sababu kilikuwa mbali na kelele za njia. Nilikuwa nimesahau kwamba dirisha lake lilikuwa dogo, na kwamba lilikuwa halifunguki vizuri tangu sisi tukiwa watoto.

Kliniki ilisema ni kifua kikuu. Alianza kuchomwa sindano na kupewa vidonge vya miezi mingi. Siku niliyomsindikiza, nesi aliniita kando akaniuliza tunaishi wapi, na nyumbani stima ikipotea tunawasha nini.

"Koroboi," nikamwambia.

"Basi usimlaze na moshi. Hicho kifua hakiwezi."

Ilikuwa rahisi kwake kusema. Mwaka huo transfoma ya mtaa wetu ilikuwa imechoka. Mvua ikinyesha kidogo tu ilitoa mlio, na mtaa mzima unaingia gizani. Wakati mwingine stima ilirudi kesho yake, wakati mwingine wiki ikapita na zaidi. Watu walikuwa wamezoea. Jioni ikifika, kila dirisha la safu yetu lilikuwa na kale kamwanga kekundu ka koroboi, na asubuhi watoto walikuwa wakipenga kamasi nyeusi. Sisi pia tuliishi hivyo, na sikuwahi kufikiri kwamba moshi ule ni kitu cha kuogopwa.

Sasa niliuogopa. Nilikuwa nikiweka koroboi sebuleni na kuacha mlango wa chumba cha nyuma wazi kidogo ili mwanga upenye. Moshi ulipenya kwanza. Kaka alianza kukohoa, kikohozi kikavuta kingine, mpaka akawa amejikunja kitandani akishika mbavu.

"Zima," alikuwa akisema. "Afadhali giza."

Nilikuwa nazima. Namsikia akijigeuza, akipapasa ukutani, akishusha na kupandisha pumzi. Halafu, kabla sijapata hata usingizi wa kusinzia, ananiita kwa sauti ya mtu anayejaribu isisikike kwamba anaogopa.

"Washa tena. Kidogo tu."

Hivyo ndivyo jioni zetu zilivyokuwa. Zima, washa. Nilijaribu mshumaa, kwa kuwa moshi wake ni mdogo. Siku moja nikiwa jikoni nilisikia harufu ya sufu inayoungua. Alikuwa amelala, mkono wake umeusukuma mshumaa, na pembe ya blanketi ilikuwa imeshika moto. Niliuzima kwa maji ya kunywa. Hakuungua, ila aliamka amelowa, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemwonea.

Habari za sola nilizipata kiwandani. Mwanamke tuliyekuwa tukipakia naye biskuti alikuwa amemwekea mama yake moja huko kijijini, ya kuendesha redio na taa moja. Mimi nilikuwa nimedhani sola ni kitu cha misheni na hospitali. Aliniambia hapana, hata mtu wa kawaida anaanza na kidogo: kibao cha kuvuta jua, betri, waya na taa. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama chetu cha kuchangiana ilikuwa imekaribia. Nilikuwa nimekusudia kununua kabati la vyombo. Nikaenda soko la Jericho kumtafuta fundi.

Fundi alikuwa kijana wa redio, mwenye kibanda kilichojaa spika zilizopasuka. Alinisikiliza, akafuta mikono kwenye suruali.

"Siste, hiyo si noma. Lakini betri mpya itakumaliza. Wacha nikutafutie ya gari, iliyotumika. Itakusukuma."

"Itakaa?"

"Itakaa ukiiheshimu. Usiwashe taa mpaka ikuzimikie yenyewe. Betri ya aina hiyo ukiikausha kabisa, imekufa. Hairudi."

Alikuja Jumapili mchana, akiwa na kibao chenyewe amekifunga kwa blanketi. Kilikuwa cha kioo cheusi, ukubwa wa trei mbili za chai zilizowekwa pamoja. Niliona aibu kidogo. Nilikuwa nimekisubiri kama mtu anayesubiri gari, na kilikuwa kitu cha kubebwa kwapani.

Ngazi tuliiazima. Haikuwa imara, na fundi alihitaji mtu wa kuishika. Nilikuwa nimeweka mguu wa kwanza kuizuia nilipoona mikono mingine imeishika upande wa pili. Alikuwa ni jirani yetu wa ukuta mmoja, mwanamume wa kutoka magharibi ya nchi, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mabati. Naye alikuwa amepungua siku hizo, mishipa ya mikono ikiwa imetokeza. Kaka alikuwa ametolewa nje aote jua, na kiti chake kilikuwa karibu na ngazi kabisa. Wanaume wale wawili walitazamana mara moja, kisha kila mmoja akaangalia kwingine. Hawakusalimiana. Nilishangaa, maana walijuana tangu zamani.

Mke wa jirani akatoka mlangoni.

"Baba watoto, chakula kinapoa," alisema, ingawa saa ya chakula ilikuwa imepita. Hakunitazama mimi wala kaka. Mumewe akasubiri mpaka fundi ashuke, ndipo akaingia ndani.

Mwanamke huyo alikuwa rafiki yangu kabla kaka hajarudi. Tulikuwa tukianika nguo kwenye kamba moja, akinilindia mlango nikiwa kazini, akiniletea mboga za kienyeji alizojua kupika kwa maziwa. Wiki ya kwanza ya ugonjwa alikuja kumwona kaka mara moja, akasimama akiwa ameshika leso puani. Baada ya hapo alifunga kamba yake ya nguo upande mwingine wa uwanja. Watoto wake walikatazwa kuchota maji nyuma yangu kwenye mfereji. Siku moja nilimpelekea uji wa mtoto wake mdogo, na jioni nikalikuta bakuli langu mlangoni pangu, uji ukiwa umeganda vilevile. Hapo ndipo nilipojua mtaa unasema nini. Mtu wa miaka ile akikonda na kukohoa, watu walikuwa na neno moja tu, na hata hilo hawakulitaja. Walisema "ule ugonjwa."

Fundi alikifunga kibao juu ya paa kwa waya na vipande vya chuma, akakilaza karibu bapa, kikiinama kidogo tu ili mvua iteremke. Akapitisha waya chini ya ukingo wa paa hadi chumba cha nyuma, akanionyesha mwekundu uende wapi na mweusi wapi. Betri alitaka kuiweka chini ya kitanda. Kaka, aliyekuwa amerudi kitandani, akauliza ndani ya betri mna nini.

"Asidi, mzee."

"Basi isikae wazi ndani ya nyumba. Na isikae chini yangu."

Kesho yake niliporudi kutoka kazini nilimkuta ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, mbao za kreti la soda zikiwa zimemzunguka. Alikuwa akitengeneza sanduku la betri. Ilimchukua karibu wiki, kwa sababu alikuwa akipiga msumari mmoja na kupumzika. Alitoboa matundu pembeni ili hewa chafu itoke, akalipaka nta. Lilikuwa sanduku tupu, bila nakshi hata moja. Nilimtania kwamba mchongaji mzima ameshindwa kunichorea hata ua.

"Nimechonga twiga wa kutosha," alisema. "Hili ni la kazi."

Tuliliweka sebuleni karibu na mlango, mbali na kitanda. Taa yenyewe ilikuwa tyubu fupi, tukaitundika juu ya kichwa chake. Stima ilipopotea Alhamisi, nilibonyeza swichi na chumba kikajaa mwanga mweupe. Nilicheka kwa sauti. Hakukuwa na harufu wala moshi. Kilichosikika ni mlio mdogo tu kama wa mdudu.

Kaka hakucheka. Alinyoosha mikono yake mbele ya uso, akaigeuza, akaitazama upande wa viganja na upande wa migongo. Mwanga wa balbu ya kawaida ni wa njano na unasitiri. Ule wa tyubu haukusitiri kitu. Niliona madoa shingoni mwake niliyokuwa sijayaona. Niliona ukuta ulivyokuwa mweusi juu ya mahali pa koroboi.

"Nipe kioo," alisema.

Nilimletea kile kidogo cha kuchania nywele. Alijitazama kwa muda mrefu, kisha akakilaza kifudifudi juu ya blanketi.

"Si mbaya hii taa," alisema. "Mtu anaona."

Tangu hapo kila asubuhi kabla ya kazi nilikuwa nikipanda kwenye pipa na kufuta vumbi la Jogoo Road juu ya kile kibao cha paani kwa kitambaa chenye maji. Jioni nilikuwa nikiwasha taa giza likiingia, na kuizima kaka akishalala. Kikohozi hakikuisha ila kilipungua makali. Alianza kusoma magazeti ya zamani. Alikuwa akinisomea matangazo ya vifo, akikadiria umri wa watu kwa picha zao, mpaka nikamwomba aache. Hatukuzungumza jambo lolote la maana. Taa ilitupa vitu vya kufanya: kukata kucha, kushona vifungo, kuchagua mchele. Usiku ukaanza kupita.

Mwezi wa saba ulikuja na baridi na mawingu. Ni majira ambayo Nairobi inaweza kukaa siku nyingi bila kuliona jua, mbingu imekuwa kama sufuria ya kijivu. Taa ilianza kufifia mapema. Nilikuwa nikiiwasha kwa muda mfupi tu, nikikumbuka maneno ya fundi.

Katika baridi hiyo jirani yetu alifariki. Hakuugua kwa muda mrefu machoni pa watu. Alipelekwa hospitali mwanzoni mwa wiki, na kabla ya wiki kwisha tulisikia kilio kupitia ukutani. Nilitoka nje nikasimama na wanawake wengine. Sikujua kama ninaruhusiwa kumkaribia. Sikumkaribia.

Transfoma ilikuwa imelipuka tena. Matanga yalipoanza jioni iliyofuata, watu wa kwao walijaa uwanjani, wakafunga turubai, wakakosa mwanga. Walikuwa na koroboi mbili na upepo ulikuwa mkali. Nilisikia mlango ukigongwa. Alikuwa ni yule mjane, khanga kichwani, macho yamevimba.

"Dada," alisema, "wazee wanasema niwaombe ile taa yenu. Ni ya matanga tu. Watu wanakaa gizani na pesa ya gari la kumpeleka mtu wangu haijafika."

Nilimtazama. Nilikumbuka lile bakuli. Nilikuwa na jibu tayari, na halikuwa jibu zuri.

"Mgonjwa wangu hawezi moshi," nikamwambia. "Nikikupa taa, yeye atakaa na nini?"

Aliivuta khanga kichwani. Kutoka chumba cha nyuma kaka akaita.

"Nani?"

"Ni mama jirani. Anataka taa."

"Mpelekee."

Nilienda mlangoni pa chumba, nikateremsha sauti. "Hajakuja kukuona tangu mwezi wa tano. Anawafundisha watoto wake wakukimbie."

"Najua."

"Na mawingu haya, betri haitarudi mapema."

"Mwanaa mwaitu," alisema. Kwetu ni kusema mtoto wa mama yangu, na hakuwa ameniita hivyo tangu tukiwa wadogo. "Mpelekee yule mtu taa."

Wanaume wawili walikuja wakabeba sanduku, mmoja huku na mwingine huku, nami nikashika tyubu. Tuliitundika kwenye mti wa turubai. Mwanga ulipowaka mzee mmoja akaanza kuomba. Nilirudi ndani. Kaka alikuwa amekaa kitandani gizani, akisikiliza nyimbo.

Matanga hayakuwa ya siku moja. Gari la kubeba maiti hadi magharibi lilichelewa kupatikana, na kila jioni watu walirudi. Asubuhi tulikuwa tukilirudisha sanduku ndani na kuunganisha waya za paa, jioni likabebwa tena. Jua halikutoka. Niliwaeleza wasiwashe kwa muda mrefu, wakaniitikia vizuri, lakini watu wanaochangisha na kuimba hawawezi kuambiwa wakae gizani kwa ajili ya betri. Jioni ya mwisho mwanga uligeuka kahawia, ukawa kamba nyembamba ndani ya tyubu, ukazimika katikati ya maombi. Kesho yake basi dogo liliondoka na jeneza juu ya paa na mjane akiwa kiti cha mbele na watoto wake.

Nilijaribu kuichaji betri siku kadhaa. Hata jua lilipochungulia, taa iliwaka kwa muda wa kupika chai, ikafa. Nikampelekea fundi. Aliipima, akaweka waya zake chini.

"Imekufa, siste. Nilikwambia."

"Si mimi," nilianza kusema, nikaacha. Zamu yangu ya chama ilikuwa imepita na nyingine ilikuwa mbali.

Tukarudi gizani. Kaka alikataa koroboi kabisa, safari hii hakusema zima wala washa. Nilikuwa na tochi ndogo ya kumpimia dawa. Baada ya dawa nilikuwa naizima, nakaa kwenye kiti karibu na kitanda chake, koti la baba mabegani. Jioni mojawapo ya hizo, tukiwa hatuonani hata kidogo, aliniuliza kama bado namkasirikia kwa ajili ya taa.

"Kidogo," nikasema.

Alijigeuza upande wangu, kitanda kikalia.

"Unajua nilikutana naye wapi yule bwana mara ya mwisho?"

"Wakati wa ngazi."

"Kabla ya hapo. Kule kliniki. Si hii ya kifua. Ile nyingine, wanapokupima damu. Niliingia nikamkuta ameketi kwenye benchi. Pale hakuna mtu anayekuja kwa bahati mbaya. Tulikaa karibu hivi, bega kwa bega, na hakuna aliyemsalimia mwenzake. Waliponiita nikaingia. Nilipotoka nikamkuta bado yupo, na kichwa amekiinamisha."

Nilisikia vidole vyake vikikuna blanketi.

"Walikuambia nini?" nikauliza, ingawa sikuhitaji kuuliza.

"Waliniambia unachokijua."

Sikulia. Niliutafuta mkono wake gizani, nikaukuta, ulikuwa wa moto na mkavu. Aliniambia alikuwa amejua tangu kabla hajaja Mbotela, na wenzake wa kibandani walikuwa wamejua pia, ndiyo sababu ya haraka yao. Alikuwa amekusudia kunieleza siku ya kwanza. Halafu nikawa nafanya mambo mengi, koroboi, mshumaa, sola, akaona nitavunjika moyo.

"Ile taa ilikuwa nzuri," alisema. "Lakini siwezi kusema jambo kama hili unanitazama."

Nikamuuliza kilichokuwa kinanizunguka kichwani.

"Na mkewe? Anajua?"

"Sijui. Mwenyewe hakuwahi kuniambia neno. Nami sikumwambia."

Yule mjane alirudi baada ya mazishi, peke yake, kufungasha vitu. Watoto aliwaacha kwa mama yake mzazi. Nilizunguka mlangoni pake siku nzima ya Jumamosi, nikianzisha safari na kurudi. Mwishowe niliingia. Alikuwa amepiga magoti akifunga sufuria kwa gazeti.

"Mama," nikasema, "kuna jambo kuhusu mume wako, na sijui kama ni haki yangu kulisema."

Hakuinua kichwa.

"Najua," alisema. "Nilijua kabla yako. Nilikuta dawa ndani ya kiatu."

Aliendelea kufunga. Gazeti lilichanika, akachukua lingine.

"Nilikuwa siwezi kumwangalia kaka yako, dada. Nikimwona ameketi pale nje, nilikuwa naona mtu wangu atakavyokuwa. Halafu naona nitakavyokuwa mimi. Ule uji wako niliukataa, nikaingia ndani nikalia."

Nilikaa chini kwenye sakafu. Aliniambia ndugu za mumewe wanataka arithiwe na shemeji yake kabla mwaka haujaisha, na yeye amekataa. Wanataka sababu. Hawezi kuwapa sababu aliyonayo, maana watasema yeye ndiye aliyemuua. Kwa hiyo anakimbilia kwa mama yake, na nyumba ya kaunsili itachukuliwa na yeyote atakayewahi.

Kabla hajaondoka alipita kwetu. Aliingia chumba cha nyuma bila leso puani, akaketi kwenye kile kiti changu.

"Shemeji," alisema.

"Pole, mama," kaka akamjibu. "Pole sana."

Sikusikia mengine. Nilienda jikoni nikawaacha. Alipotoka alinishika mkono mlangoni, akaenda zake kituoni akiwa na mzigo kichwani na mwingine mkononi. Sijapata kusikia habari zake tangu hapo. Niliwahi kuuliza watu wa kwao, wakaniambia majibu yasiyolingana.

Kaka alikufa mwezi wa tisa, asubuhi, jua likiwa limetoka vizuri baada ya miezi ya mawingu. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Nilimlisha uji, akameza vijiko viwili, akageuza uso upande wa dirisha. Nilidhani anatazama nje. Mama alifika jioni kutoka Ukambani akiwa hajui bado, kwa kuwa niliyemtuma alishindwa kumwambia njiani. Ikanibidi nimwambie mimi, mlangoni, akiwa bado ameshika kuku aliyemletea mgonjwa.

Tulimzika nyumbani Ukambani. Mchungaji alisema kifua kikuu, na mama akasema kifua kikuu, nami nikasema hivyo hivyo kwa kila aliyeuliza. Baba hakusema kitu. Alichimba kaburi pamoja na vijana ingawa walimkataza.

Nilirudi Mbotela nikanunua betri nyingine zamu ya chama ilipofika. Sijui kwa nini. Nilikuwa naishi peke yangu na koroboi ingenitosha. Niliihamishia taa sebuleni, nikafunga mlango wa chumba cha nyuma mpaka binamu yangu mmoja alipokuja mjini kutafuta kazi na akahitaji mahali pa kulala.

Ukame ulipokuja miaka michache baadaye, mabwawa yakapungua maji na stima ikaanza kukatwa kwa zamu mji mzima. Watu wa safu yetu waliona dirisha langu, wakaanza kuja kuuliza mtu anaanzaje. Niliwaeleza kila kitu nilichokijua. Anza na taa moja. Kibao kisipate kivuli cha ukuta wala cha nguo za mtu. Futa vumbi. Betri isikae chumba cha kulala, na usinunue ya gari iliyochoka. Usiikaushe. Mama mmoja mwenye mtoto wa pumu aliniuliza kama ni kweli haina moshi hata kidogo.

"Hata kidogo," nikamwambia, nikatoka naye kwenda Jericho kumwonyesha kibanda cha fundi.